Shahidi Nyuma ya Jiko

Nilimfukuza mama yangu mbele ya watu mia mbili, siku tuliyomzika mwanangu, na nilimfukuza kwa Kiswahili. Nataja lugha kwa sababu kwetu Izigo mtu akigombana na mama yake hutumia Kihaya, na Kihaya cha nyumbani daima huacha mlango wa kurudi. Mimi sikutaka mlango. Nilitaka maneno yangu yasikike kama ya mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani.

Naitwa Byabato. Ninafundisha sayansi darasa la sita na la saba. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na tatu kwamba kabla ya kusema jambo ni kweli, lazima ulipime. Mungu anisamehe kwa chaki yote niliyoimaliza kuandika hivyo ubaoni.

Binti yangu Dativa alikuwa na miaka sita. Alianza kukohoa Jumatatu. Ijumaa jioni akazidiwa, na Jumamosi asubuhi akafia mapajani mwangu kwenye benchi la hospitali, tukisubiri kuitwa. Daktari aliandika nimonia. Niliisoma karatasi ile, nikaikunja, nikaitia mfukoni, kwa sababu kichwani nilikuwa tayari na jibu langu.

Jibu langu lilikuwa nyuma ya jiko. Pale mama yangu, Kokubanza, alikuwa amepanda mimea fulani aliyoitoa zamani kwenye rweya, yaani ile nyika ya majani mafupi juu ya vijiji vyetu, ambako kila mtu alikata nyasi na hakuna aliyelima kahawa. Majani yake yalikuwa mapana, yamekaa duara chini ardhini, yana manyoya laini. Mama aliyaita masikio ya ndama. Mtu akikohoa alichemsha jani moja, akalichuja kwa kitambaa mara mbili ili manyoya yasimkere kooni, akampa anywe. Dativa alikunywa wiki nzima. Mke wangu Clotilda hakuwepo. Alikuwa Miembeni, Bukoba mjini, kwa dada yake aliyekuwa amejifungua.

Basi siku ya mazishi, baada ya mchungaji kumaliza, nilisimama.

"Aliyemuua mtoto huyu amekaa pale kwenye nyasi," nilisema, nikamnyooshea mama kidole. "Amemnywesha sumu siku tano."

Watu waliinama. Kaka yake mama, mjomba Kahangwa, ambaye alikuwa amekuja kutoka Maruku na fimbo yake, alisimama taratibu.

"Mwalimu, una ushahidi?"

"Ninao. Umeota nyuma ya jiko. Nitaupeleka kwa wataalamu wautambue. Wakisema si sumu, nitakwenda kumchukua mama mwenyewe na nitampigia magoti. Wakisema ni sumu, asikanyage tena kibanja cha baba yangu."

"Na kabla hawajasema?"

"Aondoke."

Mama hakusema neno. Alikuwa na miaka sabini na mbili, ameishi katika migomba ile tangu alipoolewa, amemzika mume wake humo na sasa mjukuu wake. Alikwenda chumbani, akarudi na kifurushi, akamfuata kaka yake. Hakuna aliyenikanya. Ukiwa na uchungu wa mtoto watu hukuacha useme chochote, na hiyo ni hisani mbaya sana.

Jioni ile nilichukua jembe nikang'oa masikio ya ndama yote, nikayachoma. Nilibakiza mmoja tu, kwa ajili ya ushahidi.

*

Mtaalamu niliyemtegemea ni Rwekaza, tuliyesoma naye sekondari. Yeye alisomea mimea, akazunguka milima mingi akikusanya vielelezo, na sasa ana kitalu chake cha miche Bukoba mjini. Nilimpelekea majani matatu ndani ya bahasha. Aliyageuza, akayapapasa, akayatazama kwa lenzi yake ndogo ya kuning'iniza shingoni.

"Kwa majani peke yake siwezi kukwambia," alisema.

"Wewe umesoma miaka yote hiyo unashindwa na jani?"

"Nimesoma ndiyo maana nashindwa. Mimea yenye majani ya manyoya ni mingi, Byabato. Mmoja hauna neno. Mwingine ni ua la bustani walilokuja nalo wageni zamani. Lile majani yake yanafanana na haya, na ukilichemsha ukalinywa linaweza kusimamisha moyo. Niletee ua. Ua halidanganyi."

Aliposema kusimamisha moyo, nilifurahi. Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Mtoto wangu alikuwa kaburini wiki tatu, mama yangu amelala kwa watu, na mimi nilipanda pikipiki kurudi Izigo nikiwa na furaha.

"Litachanua lini?" nilikuwa nimemuuliza.

"Kama ni jamii ninayoifikiria, mwaka wa kwanza hutoa majani tu. Mwaka wa pili ndipo husimamisha shina na kuchanua. Uutunze."

Niliutunza. Hapa ndipo Uhaya wangu uliponiponza. Mhaya akikithamini kitu hukihamishia kwenye migomba, hukitia samadi, halafu hukifunika nyasi kavu mpaka kiunoni. Ndivyo tunavyotunza mgomba, ndivyo tunavyotunza mkahawa, na nadhani tungekuwa na uwezo tungewatia samadi hata watoto wetu. Niliuhamisha mmea ule kutoka nyuma ya jiko, penye kokoto na maji machafu, nikauweka mahali pazuri kuliko pote kibanjani, kivulini. Nikanunua ndoo tatu za samadi kwa jirani yangu Muharami, mwenye ng'ombe wawili, duka, na mdomo usio na kufuli.

"Samadi ya nini, mwalimu?"

"Ya shahidi," nilimjibu kwa hasira.

Nilijuta kulitamka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikipita dukani kwake aliniuliza, "Mwalimu, shahidi ameamkaje? Amekunywa chai?" Na wateja walicheka chini chini.

Mvua za Novemba zilipokolea, shahidi alioza. Nilifunua nyasi nikakuta majani yamekuwa uji mweusi, na mzizi ukavunjika mkononi mwangu. Nilipanda rweya kutafuta mwingine. Nilitembea Jumamosi mbili nzima. Lakini rweya ya utoto wangu haipo. Watu wamepanda misonobari kila mahali, na chini ya misonobari haioti hata nyasi ya kufunikia mgomba. Mimea tisa aliyokuwa nayo mama ndiyo aliyoiokoa kabla ya misonobari. Nane niliichoma. Wa tisa niliushibisha mpaka ukafa.

Palibaki mtu mmoja tu wa kumwomba.

*

Nilifika Maruku saa nne asubuhi. Mjomba Kahangwa aliniona kutoka kwenye mikahawa yake, akanigeuzia mgongo. Mama alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi. Alikuwa amekonda. Alinitazama tu, akasogeza sufuria nipate pa kukaa.

Pembeni yake palikuwa na kopo la akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na maganda yake na viungo ikakaushwa. Nilitia mkono nikachukua punje chache, nikatafuna. Sikufikiri. Kwetu ndivyo ilivyo: mgeni huletewa akamwani kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, hukaribishwa, hupokea. Mtoto wa nyumbani hakaribishwi. Hutia mkono mwenyewe.

Mama aliutazama mkono wangu ukiingia kwenye kopo, akaacha kumenya kidogo.

"Clotilda hajambo?" aliuliza kwa Kihaya.

"Hajambo."

"Kaburi la mtoto mmelijengea?"

"Bado."

Alingoja. Nikasema nilichojia.

"Ule mmea umeoza. Nahitaji mwingine. Rwekaza anataka ua."

Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi. Maganda ya ndizi yalikuwa yamejaa mapajani mwake. Kisha aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi na fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na vumbi la kahawia, laini kuliko ugoro.

"Hizi ni mbegu," alisema. "Niliondoka nazo. Uliutia samadi?"

"Ndiyo."

"Ukaufunika nyasi?"

"Ndiyo."

"Ego," yaani ndiyo, alisema, kama mtu aliyekuwa ameshajua. "Huu haupendi kulishwa, mwanangu. Unataka mawe na jua. Kule kwenye msingi wa nyumba ya zamani ya babu yako, penye kokoto, kwangua kidogo juu, umwage mbegu, uziache hapo hapo. Usizifukie. Ukizifukia hazioni mwanga, hazioti. Usitie kitu. Ukiona unatamani kuusaidia, nenda kamwagilie kabichi."

Nilichukua fundo. Nilikuwa natengeneza hukumu ya mama yangu, na yeye alikuwa ananifundisha namna ya kuitengeneza isioze. Nililiona hilo pale pale barazani. Nililiona vizuri kabisa, nikasema asante, nikaenda zangu.

*

Zilichipua mwezi wa pili, nyingi, ndogo kama matone. Nilipunguza nikabakiza sita. Nilizizungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Mwaka ule wote mimea ilikaa chini, ikatanua masikio yake juu ya kokoto, haikupanda hata kidole. Kiangazi cha Julai kiliponyausha maharage ya kila mtu, yenyewe ilikuwa kijivu na imara. Nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Clotilda alisimama mlangoni siku moja na ufagio mkononi.

"Mtoto alipokuwa hai hukumtazama hivyo kila asubuhi," alisema.

Hakusema kwa ugomvi. Mimi ndiye niliyeleta ugomvi, nikapiga kelele mpaka akaingia ndani.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua za masika, mmea mmoja ulisimamisha shina. Ulinifika kiunoni, kisha kifuani. Mwezi wa sita ukachanua kuanzia chini kwenda juu, maua ya manjano yenye petali tano, na katikati ya kila ua nywele fupi za zambarau. Yalikuwa mazuri. Hilo nalo lilinikasirisha.

Nilikata shina kama Rwekaza alivyonielekeza kwa simu, nikalilaza ndani ya magazeti pamoja na majani ya chini, nikaweka ubao na mawe juu yake. Shina jingine nililitia kwenye chupa ya maji nikaenda nalo Bukoba likiwa bichi.

Rwekaza hakuchukua hata dakika kumi. Alifungua ua moja kwa sindano, akahesabu.

"Stameni nne. Zina nywele, unaona? Kikonyo cha ua kifupi. Basi, huyu namjua. Ni Verbascum, tena wa kwetu, wa milima ya Afrika Mashariki. Nilimkuta juu zaidi ya huku, sikujua kama anashuka mpaka kwenu Muleba. Kielelezo hiki nitakihifadhi, Byabato, umefanya kazi nzuri."

"Ni sumu?"

"Jani lake? Hapana. Jamaa zake watu wengi huchemsha kwa kikohozi. Kinachosumbua ni manyoya, yanawasha kooni."

"Mama alikuwa anachuja. Mara mbili."

"Basi mama yako anaujua kuliko mimi." Akaweka lenzi mezani. "Haiponyi nimonia, nisikudanganye. Lakini haiui mtu. Mtoto alikohoa siku ngapi?"

"Tano."

"Na mlimpeleka hospitali siku ya ngapi?"

Aliuliza tu kama mtaalamu, hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi nilichukua kofia yangu nikasema pikipiki inanisubiri.

Kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo, na sasa siwezi tena. Jumanne ile, siku ya pili ya kikohozi, mama alikuja shuleni kwa miguu. Hajawahi kuja shuleni. Alisimama dirishani mwa darasa la saba, nikatoka nimekasirika, maana nilikuwa nasimamia mtihani wa majaribio. Alisema, "Mtoto anapumua kwa mbavu. Dawa yangu ni ya kikohozi, hiki si kikohozi. Mpeleke hospitali." Nikamwambia Jumamosi. Nikamwambia mitihani inaisha Ijumaa. Jumatano akaniambia tena. Alhamisi akaniambia nimpe nauli ampeleke yeye, nikamwambia asinifundishe kazi. Akarudi jikoni kuchemsha jani, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichomwachia akifanye.

Niliyajua haya yote pale kaburini nilipomnyooshea kidole. Na yeye alijua kwamba nayajua. Alikuwa na watu mia mbili mbele yake, na neno moja tu lingetosha kunimaliza, na alifunga mdomo akachukua kifurushi.

Nyumbani Clotilda alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Rwekaza amesemaje?"

"Si sumu."

Alishika fremu ya mlango. "Basi nini kilimuua mwanangu?"

Nikamwambia. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, nauli. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu sikustahili kiti. Nilitaka apige kelele, avunje kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kanga akajifunga upya, akaenda kukaa kwenye kaburi la Dativa, na nilipomfuata alisema neno moja tu, "Maruku."

*

Kesho yake nilikwenda. Nilikuwa na lile shina la maua kwenye chupa, limeanza kunyauka. Mjomba Kahangwa safari hii hakunigeuzia mgongo. Aliniita kwa jina la baba yangu, akanionyesha kiti kizuri, kile cha mito, cha sebuleni. Nilipaswa kuelewa pale pale.

Mama aliingia. Nilipiga magoti kama nilivyokuwa nimeahidi mbele ya watu, ingawa sasa watu hawakuwepo.

"Mama, si sumu. Ua limesema."

"Nimesikia," alijibu. Alinijibu kwa Kiswahili.

"Nimekuja kukuchukua. Chumba chako kipo. Clotilda anakusubiri."

"Clotilda nitamwona. Nitakuja kumwona na kulitazama kaburi." Aliketi, akayapanga mapindo ya gauni lake. "Inuka, mwalimu. Sakafu ina baridi."

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Ulikuwa ndiyo kwanza umemzika mtoto." Aliitazama chupa yenye maua. "Nakuambia jambo moja, halafu hatutalirudia. Ile siku uliyokuja hapa, ukatia mkono kwenye kopo langu, nilidhani umekuja kunichukua. Moyo wangu ulisimama. Nikasema, mtoto amekumbuka, hahitaji kuambiwa na mtu. Nikangoja useme. Ukasema unataka mmea."

Niliiweka chupa sakafuni.

"Nilikuzaa miaka hamsini iliyopita," mama alisema, bila kupandisha sauti. "Umeninyonya, umenitapikia, umenililia mgongoni. Na bado ulihitaji ua la porini likwambie mimi ni nani. Basi limekwambia. Mimi nakaa hapa."

Aliinuka kwa shida, akaingia ndani. Nilisikia kopo likifunguliwa. Nilitazama mlango, nikiomba atoke na lile kopo mkononi, aliweke kati yetu, nami nitie mkono.

Alitoka na kikapu kidogo chenye mfuniko, kile kizuri cha rangi mbili, kilichosukwa kwa ajili ya watu wanaokuja na kuondoka. Alikifunua, akaniletea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama desturi inavyotaka.

"Karibu akamwani, mgeni wetu," alisema.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikachukua punje moja, nikasema asante.